Vikombe Sita vya Maziwa Baridi

Esperansi,

Ni nini ilikufunga kinywa usiniambie kama Furaha, mujukuu wetu, alikupiga filme? Tunalala nyumba moja, tunakunywa chai ku termosi moja, na weye unanyamaza kama mutu aliyekula nyama ya jirani. Ningejua, nisingekuja kusimama mbele ya watu wa Nairobi na kupata haya na uzee wangu huu. Una tabia mubaya, mudogo wangu, na si ya leo.

Sasa nakusalimia. Uko muzima? Mugongo unakuacha ulale? Bamama wa Kibati wanaleta maziwa mapema, ama wamerudia kuchelewa juu miye siko pale ya kuwapigia kelele? Miye niko muzima, Mungu asifiwe, paka magoti tu ndiyo yanalalamika juu ya ngazi. Nakuandikia ku karatasi juu sauti za telefone unazifunguaka katikati ya parseli, pale uani, majirani wote wanasikiliza. Anayekuletea barua ni Papa Jeremi, shofere wa bisi. Mupe chai. Usimupe habari.

Nyumba tunapofanyia kazi huku ina orofa saba, na ndani ni watoto tu. Mutoto wa miaka ishirini na mbili anaitwa mukurugenzi, na soksi zake zimetoboka. Kazi zao wanaziita statapu, maana yake kazi ambayo bado inatambaa. Umeme haukatikake. Maji ya moto yanatoka ku ukuta, kahawa unajichukulia, hakuna anayekuuliza uko mutoto wa nani. Nilishikwa na wivu tangu ku mulango, sikufichi. Nilijiuliza: hawa wamefanya nini kwa Mungu, wakati sisi tunachemsha maziwa na makala, mukaa wa kuhesabu?

Furaha alinivalisha karatasi ku shingo, yenye picha yangu na jina Konsolata, na chini imeandikwa fondatrisi. Kwa Kiswahili ni yule aliyeanzisha. Mujukuu wangu ana akili, hiyo hajaitoa kwa baba yake. Nilitembea na ile karatasi mpaka chooni. Watoto wa huku waliniita shosho, ndiyo koko, bibi, kwa lugha yao, wakanipatia kiti.

Furaha aliwaelezea kazi yetu: vile bamama wanakamua Kibati, vile tunapima kila ndoo, vile yeye anaandika ndani ya telefone maziwa ni ya nani na kama ni safi, na watu wa Birere, kule mujini, wanaagiza bila kuogopa kuuziwa maji. Kisha akasema kama anayepima ni koko wake, huyu hapa. Wakanipigia makofi. Na miye niliyapokea. Mwanzo si miye nilikuwa napima? Weye ulikuja kisha, tangu macho yangu yaliingia ukungu.

Sasa sikiliza vizuri. Kuna mama mumoja mutajiri anakujaka pale kuchagua kazi ya kusaidia. Kwa kazi ya maziwa ameweka zawadi, masini kubwa ya kupozesha, ile tunayotaka tangu Furaha akiwa ku sekondari. Na kwa hiyo masini tulikuwa wawili: sisi na wasichana wawili wa Kampala. Wale wana kijiti cha umeme, unakitia ndani ya maziwa, kinakuambia kama kuna maji. Wasichana wazuri, wembamba, wanasema pole kwa kila kitu. Niliwachukia siku ya kwanza.

Yule mama akasema, basi shosho na kijiti washindane. Furaha alinivuta nguo, akaniambia tukatae. Nilimuambia kama nimepima maziwa mbele mama yake hajazaliwa. Wakaleta vikombe sita, vimetoka ku frigo, vinatoka jasho. Nikatia tone ku ukucha wa kidole gumba vile tunafanyaka. Tone yenye maji inakimbiaka; lile lilikaa. La pili likakaa. Yote yakakaa, Esperansi, kama nta. Nikasema haya ni safi, na haya, na haya. Kikombe cha tano nikakikataa juu niliona aibu kukubali vyote.

Vikombe vinne vilikuwa na maji. Kile nilikataa kilikuwa safi.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mubaya kuliko kucheka. Ndipo Furaha, juu ya kuniokoa, akafungua filme yako. Uso wako ukajaa ukuta muzima, na lile pengo la jino. Na pale uko unafanya yale mambo yako niliyokugombeza nayo miaka yote: unashika kikombe ndani ya mikono miwili, unakaa nacho kama mutu anasali, wateja wamepanga mustari mpaka ku barabara, na sauti yangu nyuma inapiga kelele kama unatuchelewesha. Eee, sauti yangu iko pale ndani. Watu wote wameisikia.

Musichana mumoja wa Kampala akasimama. Akasema hata kijiti chao kinadanganyika kama maziwa ni baridi, ni lazima kungoja yapate moto, na huyu mama anajua bila kijiti. Mutajiri akauliza huyu ni nani. Furaha akasema ni koko wake mudogo, ndiye anapima. Na huyu hapa? Huyu ndiye aliyeanzisha. Yule mama aliniangalia vile wanaangaliaka mutu aliyewafungulia mulango.

Kwa hiyo nimesafiri siku mbili ndani ya bisi, miguu imevimba, na wanapiga makofi kwa mutu aliyebaki Goma anakula ndizi. Tangu utoto wetu kule Masisi ni vile. Baba alipotoa ng'ombe, nani alipewa yule mutamba mwekundu? Na majani yake nani alikuwa anayakata? Watu wakifika nyumbani wanauliza Esperansi yuko wapi. Muchungaji anakusalimia wa kwanza. Sasa hata Nairobi. Nilifikiri angalau Nairobi ni yangu peke yangu.

Furaha akaniambia, pole pole, bila kunigombeza, kama shida yote ni ile paspo yako tu. Kama ingetoka, ungekuwa hapa na tungekuwa tumeshinda. Nikakunywa maji.

Paspo yako ilitoka, Esperansi. Zilitoka siku moja, yangu na yako. Miye nilienda kuzichukua, nikakuambia yako bado, na Furaha nikamuambia vile vile. Ndiyo sababu alikupiga filme. Nilisema moyoni: mara hii tu, waone paka miye, miye peke yangu.

Usianze kulia na usianze kucheka. Ningeweza kuendelea kudanganya. Yule mama amesema atarudi Ijumaa ya juma lijalo, anataka kukuona unapima na macho yake, na jina lako liandikwe la kwanza ku karatasi. La kwanza, umesikia? Nilikuwa na neno tayari ku ulimi, kumuambia una ugonjwa wa moyo, haupandake gari. Lakini moyoni nikamuona Mama Zawadi, mumoja wa bamama wetu wa maziwa, na ile ndoo yake ya maziwa iliyoharibika na jua, anaimwaga ku mawe meusi mbele ya nyumba, kisha ananawa mikono kama mutu ametoka kuzika. Bila masini, ataimwaga tena. Leo asubuhi nilimuambia Furaha yote. Alifunga komputa yake, akaniuliza neno moja tu.

«Iko wapi?»

Nilimuambia. Tangu pale ananiita mama Konsolata, kama mugeni. Itapita. Kama haipiti, nitazoea.

Usalimie shemeji yako, muzee wangu, umuambie nakula vizuri na asiguse kitanda changu. Usalimie mama Furaha, binti yangu, na usimuelezee kitu, nitamuelezea miye. Muchungaji usimusalimie, amezoea salamu zako.

Sasa fanya hivi. Paspo iko ndani ya valizi yangu ya kijani, imefungwa ndani ya kitenge cha matanga. Uchukue na koti, Nairobi ni baridi. Ndoo za asubuhi umuachie Mama Zawadi, amekuona unapima mara mingi, atajua. Jumapili usiende kanisani, uvuke mupaka mapema, Papa Jeremi atakungoja upande wa pili, kiti cha dirisha nimekuwekea. Huku nitakungoja miye mwenyewe ku bisi. Na Ijumaa wakikupa kikombe, ukae nacho mikononi muda wote unaotaka, na mutu akikuharakisha, umuambie dada yako mukubwa amekataza.

Miye,
Konsolata