Kwa Mdogo Wangu, Upande wa Pili wa Lami

Mdogo wangu Nyangeta,

Simu zangu hupokei, na meseji nadhani unazifuta kabla hujazisoma, kwa hiyo nakuandikia mahali ambapo kila mtu atasoma. Nimefanya hivyo makusudi. Tulipomzika Mama hukuja, na waombolezaji pale nyumbani Nyakato, Musoma, wakakutafutia sababu wenyewe. Walisema huyo Mama, kwako Mama Mkubwa, alikukatalia nyumba yake ulipokuwa binti, akakuharibia michezo na shule kwa pamoja, na mtu aliyetendewa hivyo ana haki ya kubaki kwake Bunda na cherehani yake. Niliyasikia hayo nikiwa nimebeba sufuria ya chai, nikaendelea kumimina. Mengi waliyosema ni kweli, isipokuwa jina la aliyekukatalia. Leo nitalitaja. Ila nivumilie kwanza, kwa sababu nina hasira na watu wengi na huyo siwezi kuanza naye.

Baba yetu alikuwa fundi ujenzi mwenye nyumba mbili na baiskeli moja. Nyumba ya Mama ilikuwa chini ya barabara ya lami, nyumba ya mama yako ng'ambo, juu kule kwenye majabali. Watu wa nje walipenda kutuuliza kama tunapatana, mtoto wa mke mkubwa na mtoto wa mke mdogo, na sisi tulikuwa hatuelewi swali. Ulikuwa unavuka barabara asubuhi na bakuli lako, unakula ugali wa udaga, ule wa muhogo, kwetu, kisha unarudi kwenu kula tena. Mama alikuwa anakuita "mgeni wa kila siku" na anakuwekea kipande cha sato chenye mkia, maana ulikuwa unapenda kuutafuna hadi uishe.

Unakumbuka ringi ile ya baiskeli aliyotupigilia Baba kwenye nguzo karibu na choo? Mpira wetu ulikuwa wa matambara na kamba. Mimi nilirusha, wewe ulifunga, na hatukuwahi kubadilishana. Siku moja nilijaribu kufunga mimi, mpira ukaangukia kwenye ndoo ya maji ya Mama. Ulicheka ukakaa chini. "Dada, wewe rushaga tu," ukaniambia. "Kufunga uniachie mimi."

Nikakuachia. Tulipokwenda sekondari ya kata, mimi nikitangulia kwa mwaka mmoja, Madamu Robhi wa michezo alituangalia kwa dakika kumi akampa kila mmoja nafasi yake kwenye netiboli: mimi senta, wewe mfungaji. Mwaka wako wa kwanza tulizifunga shule zote za mjini, na za Butiama zilizokuja kwa mbwembwe na lori zima la washangiliaji. Nilikuwa najua utasimama wapi kabla wewe mwenyewe hujajua. Nilikuwa naurusha mpira mahali pasipo na mtu, halafu mtu anatokea, na ni wewe.

Halafu ikaja siku ya kombe. Ulibebwa juu juu. Mgeni rasmi akakuita mbele, akakuuliza unakula nini nyumbani, watu wakacheka. Ukapewa raba nyeupe. Mimi nilikuwa nimesimama na maji yako mkononi, na mama mmoja akaniuliza kama mimi pia ni mchezaji au ni msaidizi wa timu. Nilimjibu kwamba mimi ni senta. Akasema, "Aa, sawa." Nyangeta, hiyo "aa, sawa" bado ninayo.

Sasa nije kwa wale waliochora mstari. Ng'ambo kulipimwa viwanja. Mihogo iling'olewa, mbuzi wakahamishwa, mabati ya bluu na mekundu yakajaa hadi juu ya majabali, na nusu ya kuta zile zilijengwa na Baba kwa mikono yake. Tulifurahi, maana Baba alikuwa na kazi kila siku. Watu walipozidi, kata ikagawanywa, na mpaka ukawekwa pale palipokuwa rahisi kwa mtu mwenye ramani, yaani katikati ya lami, baina ya bakuli lako na chungu chetu. Kata mpya ikataka sekondari yake. Wananchi wakasomba mawe na mchanga, na mama yako alisomba pia, akiwa na Mama pembeni yake. Madarasa matatu yalipoinuka, likatoka tangazo kwamba kila mwanafunzi wa ng'ambo arudi shule ya kata yake. Wachezaji saba kati ya kumi na wawili walikuwa wa ng'ambo.

Kwenye hotuba za ufunguzi walisema wamesogeza elimu karibu na mwananchi. Sikatai, ilisogezwa. Walichosahau kusogeza ni uwanja. Eneo la uwanja lilikuwa kwenye mchoro, na kwenye mchoro likabaki, mpaka likaota nyumba za watu. Mkapewa mteremko wa mawe ambao hata mbuzi walikuwa wanaupita kwa adabu. Na mashindano yalipofika, shule yenu ikapangwa na za zamani kama vile wote tumeanza siku moja.

Kulikuwa na njia ya kupona, na mtaa mzima uliijua. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ikisema mtoto analala chini ya barabara, basi mtoto anabaki shule ya zamani. Watu waliokota mashangazi wasiowahi kuwepo. Kwako wewe hapakuhitajika hata uongo, kwa sababu ulikuwa na nyumba mbili za baba mmoja. Madamu Robhi alikuja mwenyewe nyumbani, siku ya Jumamosi mchana, akakaa kwenye kigoda bila kujali sketi yake.

"Mzee, huyu mtoto akilala tu huku chini, barua mwenyekiti anaandika leo hii," alimwambia Baba. "Mwaka kesho wachaguzi wa timu ya mkoa watakuja. Wakimwona huyu, kidato cha tano kuna shule zitamgombania. Kule juu nani atamwona?"

Baba alikuna kidevu. "Nyumba hii ina mwenyewe," alisema. "Ngoja nimuulize mama yao."

Jibu ulilipata wewe Jumatatu kutoka kwa Baba, na ninajua ulilisikia vipi, maana alilisema kwa hasira hadi majirani wakalipata: "Mama yenu mkubwa amekataa. Anasema chumba hakitoshi." Hukuvuka tena na bakuli. Baba naye akawa anakula ng'ambo, karibu msimu mzima wa mvua.

Ukaenda shule mpya na raba zako nyeupe. Tukakutana kwenye mechi ya kwanza ya wilaya. Mtu asiyejua netiboli hawezi kuelewa tulichokufanyia siku ile, kwa hiyo wacha nieleze. Mfungaji haruhusiwi kutoka kwenye theluthi yake ya uwanja. Hata timu yake ikizama kule nyuma, yeye hawezi kushuka kuufuata mpira, anasubiri aletewe. Wewe ulisimama chini ya ringi, mikono juu, ukisubiri. Wenzako walikuwa wamejifunzia kwenye mawe, hawajui kudaka wakikimbia, na kila mpira waliojaribu kukupa ulipita kwa senta wa upande wa pili. Huyo alikuwa mimi. Nilikuwa najua utasimama wapi, Nyangeta. Nilikukatia mipira tangu robo ya kwanza hadi ya mwisho. Mlifunga magoli manne, yote yako, na sisi tuliacha kuhesabu yetu. Kipyenga cha mwisho kilipolia ulikuwa bado umeinua mkono mmoja.

Nilitaka kuja kukushika mkono. Uliniangalia kama unavyomwangalia mtu wa shule nyingine, ukaondoka na wenzako.

Wachaguzi walikaa siku nzima ya fainali. Hawakukuona, maana timu iliyotoka siku ya kwanza hairudi hata kutazama. Hakuna gari la kuileta. Mimi nilichaguliwa kwenda kambi ya mkoa Bunda. Kama unadhani nilipata faida, nikueleze faida yenyewe: nilikula wali siku tano, nikakaa benchi, nikarudi. Niliporusha mpira mahali pasipo na mtu, mazoezini pale Bunda, hapakutokea mtu. Kocha akasema huyu binti anarusha hovyo.

Wewe ulimaliza kidato cha nne bila kugusa mpira tena. Mama yako akarudi kwao Butiama, ukamfuata, na baadaye nikasikia uko Manyamanyama, pale Bunda, unashona sare za shule, na kwamba unashona vizuri. Niliwahi kusimama ng'ambo ya duka lako. Ulikuwa na pini mdomoni, unampima mtoto mabega. Niligeuka nikapanda gari la Musoma.

Maisha nayo yana dharau. Nilisomea ualimu, na serikali ikanipanga shule ile ile ya ng'ambo, mwalimu wa michezo. Mawe bado yapo, nayajua kwa majina. Mji umeendelea kupanda, wanataka kuigawa kata mara ya tatu, na kila wakigawa mimi hupoteza nusu ya timu niliyoilea miaka miwili. Kisha shule za watu binafsi zenye mabweni, ambazo hazina mpaka wala kata, huja kuwaokota waliobaki. Siku ya kombe huwa napiga makofi. Wenzangu husema mashindano ni afya. Huwa nawauliza, afya ya nani?

Mwaka huu alikuja mzazi na binti mrefu, ana mikono kama yako. Wanaishi kata jirani, nilishawaona kule.

"Mwalimu, huyu analalaga kwa shangazi yake hapa juu," akasema.

"Shangazi anaitwa nani?" nikamuuliza mtoto.

Mtoto akamwangalia mama yake. "Shangazi tu," akasema.

Nikampokea. Ningempokea hata kama angesema analala kwenye mti. Usidhani najisifu. Kumpokea mtoto wa watu hakukurudishii wewe kitu, na ninajua.

Haya, sasa lile jina.

Jumamosi ile, Madamu Robhi alipoondoka, Baba alimkuta Mama jikoni. Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Huyu si analalaga hapa nusu ya wiki? Aje." Halafu akanifuata mimi chumbani, akaanza kuvuta kitanda changu kusogeza ukutani, ili mkeka wako uenee. Kilikuwa chumba kikubwa, unakijua. Akaniambia, "Kitanda ni chako, nakuambia kwa heshima tu. Mdogo wako anahamia."

Nikamwambia, "Akihamia yeye, mimi naondoka. Naacha shule, naenda kwa bibi."

Aliniangalia. Aliniuliza umenikosea nini. Ningemwambia nini, kwamba mama mmoja uwanjani aliniambia "aa, sawa"? Nililia, nikarudia kwamba naondoka, na nilikuwa namaanisha. Mama akaacha kitanda katikati ya chumba. Akanawa mikono, akatoka nje, nikamsikia anamwambia Baba kwa sauti yake ya kawaida: "Nimebadilisha mawazo. Chumba hakitoshi."

Baba alifoka, naye Mama akarudi jikoni. Jioni nilipomfuata kusema asante, hakutaka. "Acha waniseme mimi," alisema. "Mke mkubwa husemwaga, nimezoea. Wewe wakikusema hutaolewa hapa. Ila mwambie mdogo wako mwenyewe, siku ukikua."

Nilikua. Kila Krismasi aliniuliza, "Umeshamwambia?" Kila Krismasi nikajibu bado. Mara ya mwisho aliniuliza hospitalini, na kwa sababu alikuwa anaumwa sana, nikamdanganya kwamba nimekuambia. Alifurahi. Akauliza, "Atakuja lini?" Nikasema kesho. Alikungoja siku nne, Nyangeta, kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa, na mimi nimekaa pale pale namwangalia akigeuza. Alikufa anadhani umejua ukweli na bado hukutaka kuja.

Hilo ndilo nililolibeba msibani, na ndilo linalonifanya niandike kwa wote. Mliokunywa chai pale mkimsema Mama, mlikuwa mnamsema mtu mwingine, na huyo mtu ndiye aliyekuwa anawamiminia.

Sikuombi msamaha. Ungenipa, ningekuwa nimekunyang'anya kitu kingine tena. Ninaomba jambo moja tu, na si la kwangu. Kaburi liko nyuma ya nyumba, upande wa kulia, limeshasakafiwa. Njoo umsalimie, umwambie kwamba hukuwa unajua. Njoo siku ya kazi, kati ya asubuhi na saa tisa alasiri. Saa hizo niko shuleni, hutanikuta.

Ni mimi dada yako, mtoto wa Mama Mkubwa.