Kulwa, Uso Wako Ulinidanganya

Kulwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwenye kurasa za mwisho za daftari langu la maandalio ya somo, kwa sababu ndiyo karatasi niliyokuja nayo. Ukurasa wa nyuma una mchoro wa seli inayogawanyika, niliowachorea Kidato cha Nne juzi. Usinicheke. Unajua siwezi kukaa bila kuishughulisha mikono. Nimeshasimama mara nne, nimekwenda kunywa maji nisiyoyataka, nimesoma bango la chanjo ukutani mpaka nimelikariri. Kashinje amekaa pembeni yangu, kila mara ananivuta gauni niketi. Mdogo wetu, yule tuliyembeba mgongoni kwa zamu, leo ananiambia mimi nitulie.

Nasubiri majibu. Mwezi uliopita nikiwa naoga nilikuta kitu kwenye titi la kushoto, kidogo kama punje ya choroko. Upande uleule wa kwako. Nilivaa nguo povu likiwa bado mgongoni. Daktari akachukua kinyama kwa sindano kikapimwe, akaniambia nirudi leo.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, maana nikilitazama lile jambo moja kwa moja nitasimama tena.

Cherehani yako iko kwangu Gongoni. Hata kuitia uzi sijui. Wateja wako bado wanapita, na wasio na habari za msiba wananidhania wewe, wananishika mkono wananiuliza gauni lao limefika wapi. Wenye habari ni wabaya zaidi. Kuna mama alinikuta sokoni akaangusha ndoo, akaanza kulia palepale kwenye dagaa. Nifanyeje, Kulwa? Siwezi kuuacha uso nyumbani. Mama mwenyewe akinitazama huanza vizuri, halafu huangalia pembeni akajifanya anatafuta kitu.

Krismasi Mama alininunulia kanga. Unakumbuka alivyokuwa akinunua doti moja, anaikata katikati, kipande chako na kipande changu, tusije tukasema kuna aliyependelewa? Safari hii alinipa doti nzima haijakatwa. Nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Sikuweza kuivaa na sikuweza kuikata.

Na kuna kitunguu. Nilikiweka dirishani juu ya glasi ya maji kwa ajili ya somo, kiote mizizi, ili wanafunzi waone kwenye hadubini seli za ncha ya mzizi zinavyogawanyika. Kila asubuhi mizizi imeongezeka. Siku moja nilikichukia kile kitunguu hadi nikafungua dirisha nikitupe. Nilikasirika kwamba kitunguu kinaendelea tu, kama hakuna kilichotokea. Kisha nikakirudisha, maana kipindi kilikuwa saa mbili.

Katika kipindi hicho ndipo binti mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. Alikuwa hajui habari zangu, mgeni kutoka Urambo. Akauliza: "Mwalimu, kama mapacha wa kufanana wametoka kwenye yai moja, mbona mmoja anaweza kuumwa mwenzake akawa mzima?" Chaki ikanikatikia mkononi. Nikawaambia wachore, nikatoka nje nikasimama kwenye jua.

Jibu nilikuwa nalo, Kulwa. Nilikuwa nalo hata siku ile.

Siku ile ulikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Ulizitoa pini, ukaniita nyuma ya pazia, ukanishikisha uvimbe kwenye titi lako, ukasema: "Hebu jiguse hapa." Nikajigusa. "Una kitu?" Nikasema sina. Ukacheka, ukarudisha pini mdomoni. "Basi si ugonjwa. Ungekuwa ugonjwa na wewe ungekuwa nao."

Na mimi nikakubali! Mimi mwenye stashahada ukutani.

Lakini tungeonaje vingine, sisi tuliolelewa vile? Kwetu Kigwa pacha habaguliwi. Kulwa akipewa yai, Doto naye yai. Mmoja akipata homa, Bibi alichemsha mwarobaini tukanywa wote wawili, mgonjwa na mzima, na mzima ndiye aliyelia zaidi. Surua tuliugua pamoja, tetekuwanga pamoja. Tulikua tukijua kwamba ugonjwa ukija kwetu unabisha milango yote miwili. Kwa hiyo mwili wangu ulipokaa kimya, tuliuchukua ukimya wake tukaufanya cheti chako cha uzima. Miezi saba, Kulwa. Ulipokwenda hospitali saratani ilikuwa imeshafika kwapani.

Jibu ambalo ningempa yule binti ni hili. Yai la Mama lilileta nusu, mbegu ya Baba ikaleta nusu, ikawa seli moja, ndogo kuliko nukta hii. Seli ile ikanakili maelekezo yote yaliyokuwa ndani yake, ikayapanga katikati, ikayavuta huku na huku, zikawa seli mbili, kila moja na nakala yake kamili. Mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Mahali fulani humo, Mama hata hajajua kama ana mimba, lile fungu likaachana, moja likawa wewe, jingine mimi. Hakuna aliyepunjwa. Bibi angefurahi kusikia kwamba hata huko tuligawiwa sawasawa.

Lakini tangu siku hiyo kila mmoja amekuwa akinakili kivyake. Ngozi ikichubuka, seli zinagawanyika mpaka kidonda kifunge, kisha zinaacha, kwa sababu zina amri ya kuacha. Miaka thelathini na nane yote hiyo, nakala juu ya nakala, wewe zako na mimi zangu. Siku moja, kwenye titi lako, seli moja ilikosea, ikapoteza ile amri, ikawapa watoto wake kosa lilelile, nao wakawapa wao. Moja tu. Haikulazimu na yangu ikosee siku hiyohiyo. Mwili wangu haukuwa shahidi wa mwili wako. Kwenye mtihani ningepata vema. Nyuma ya pazia, ukiwa na pini mdomoni, nilipata sifuri.

Nimekasirika na nafsi yangu mpaka nimechoka. Lakini na wewe nimekukasirikia, acha niseme leo.

Unakumbuka chanjo kule zahanati ya Kigwa? Wewe ndiye mkubwa, umenizidi dakika ishirini ukazifanya miaka ishirini, kwa hiyo sindano ulitangulia wewe. Nikauangalia uso wako nijue kama inauma. Ukanigeuzia uso mtulivu kabisa, kama unalamba asali. Nikaenda kwa furaha, na ilipoingia nilipiga kelele zilizosikika stesheni. Njia nzima nikakupiga ngumi za mgongo nikikuuliza kwa nini ulinidanganya. Ukasema: "Ungekimbia."

Uso uleule ulinifanyia miezi yote ile. Nikikuuliza kama inauma, asali. Bibi alikuwa akijisifia kwamba sisi ni wajukuu wa wapagazi, waliotembea na mizigo ya watu hadi pwani bila kuuliza ndani kuna nini. Wewe ukaubeba wako hivyohivyo, na mimi nikatembea nyuma yako bila kuuliza. Laiti ungelia mara moja tu mbele yangu.

Sasa Kashinje. Jina lake tu linamwambia alizaliwa nyuma ya mapacha, na maisha yake yote amekuwa wa kufuata. Daktari alisema na yeye apimwe, kosa la namna hii linaweza kuwa limetoka kwa wazazi tukagawiwa ndugu wote. Amekataa mwaka mzima. Leo amekuja kunisindikiza, na njiani akaniambia: "Dada Doto, nitakuangalia uso ukitoka. Ukitoka vizuri, na mimi nitaingia." Asubuhi kulikuwa na ubaridi, nikaitoa ile doti chini ya godoro, nikaikata, kipande kimoja nikamfunika mabegani. Kisha nikasimama mbele ya kioo nikaujaribu uso wako. Ninao, Kulwa. Ulikuja bila shida yoyote.

Wananiita.

*

Nimerudi. Vumilia mwandiko.

Ipo. Ni ileile. Daktari amesema bado ni ndogo na nimewahi, akarudia kwamba nimewahi, akaandika rufaa ya Mwanza. Nilimsikia vizuri, kisha nikamwomba aseme tena.

Nilipofika mlangoni nilikumbuka Kashinje yuko nje ananisubiri. Nikauvaa uso wako. Ukakaa. Nikafungua mlango, nikamwona amesimama, ameishika ile kanga kwa mikono miwili kifuani kama vile ulivyoshika yako siku ya kwanza kulazwa, na uso ukaniporomoka. Nililia, Kulwa. Mbele ya foleni nzima, mdomo wazi, kamasi na yote. Nikamwambia: "Ninayo. Naogopa." Nikamwona anavyonitazama, nikajua sasa anakimbia, nimemharibia.

Hakukimbia. Aliuweka mkoba wake magotini mwangu, akanifuta uso kwa pindo la kanga, akaingia hata kabla hawajamwita. Nesi ikabidi amfuate kumuuliza jina.

Yumo ndani mpaka sasa. Mimi nimekaa, na mkoba wake ninao. Sijasimama hata mara moja.

Jumanne naenda Mwanza. Kitunguu nitamwachia yule binti wa Urambo, na jibu lake nitampa darasani kabla sijaondoka, nikisema na jina lako. Kwa Mama nitapita kesho, nimwambie mwenyewe, anitazame asigeuke. Nakuahidi hayo. Na nakuahidi kwamba ikiniuma nitasema inauma. Ule uso wa asali nimekurudishia, ulikuwa wako.

Lala salama, pacha wangu. Sindano hii sitakuuliza kama inauma, ulishatangulia.

Mlango unafunguka. Acha nimtazame mdogo wetu usoni.

Doto wako