Nyuki Weusi wa Nguzo ya Baraza

Bukoto, Kampala

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Gulu. Sisi tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini pasheni zako zinachanua, kisha maua yanadondoka. Nilipokuwa msichana yalitupata hayo hayo. Baba alikuwa askari kambini, na mama alitulisha kwa kuuza juisi ya pasheni. Baba alipokuja likizo alikuta nyuki weusi wakubwa wametoboa nguzo ya baraza, akaziba matundu yote kwa udongo. Msimu ule maua yalianguka, mama akakosa cha kuuza.

Siku moja nilimwona nyuki mmoja wa aina ile akiingia kwenye ua, mgongo umejaa unga wa njano. Ua lile pekee likazaa. Baba aliporudi nikamwonyesha tunda na kumweleza habari ya yule nyuki. Alilitazama, akachukua msumari, akaanza kuzibua matundu.

“Na nguzo je?” mama akauliza.

“Nguzo nitaweka nyingine.”

Msimu uliofuata tulivuna. Kwa hiyo usikimbilie dawa, mama. Kaa kwanza karibu na maua yako uone nani anayatembelea.

Nakuombea heri,
Bibi yako Mariamu