Prosesa ya Mashine Inayomsemea Baba

Itaosy, Antananarivo
17 Agosti 2019

Mpendwa dada Voahirana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Lyon? Kile kifua kimepona? Na watoto je, hawajambo? Mama ni mzima, anahangaika na mboga zake. Mimi nipo tu. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nitalia, na binamu Fanja anasafiri kesho, atakukabidhi mkononi.

Dada, Baba hana tena cha kumsemea. Kompyuta yake imekufa, leo siku ya kumi na mbili. Bado anakibonyeza kitufe kwa kile kidole chake kimoja ambacho ugonjwa haujakichukua, nasi tunabaki kumtazama.

Nilianza na yaliyo rahisi. Feni zilizunguka, skrini giza. Nikabadilisha skrini, nikaazima pawasaplai ya jirani, kile kisanduku cha kuingiza umeme, nikachomoa kadi za kumbukumbu na kuzirudisha moja moja. Wapi! Mwishowe nikaitoa prosesa, ubongo wenyewe wa mashine: miguu yake miwili imeungua, myeusi kama njiti ya kiberiti iliyowaka.

Nikakimbilia Behoririka kwa fundi Rado. Aliinusa tu.

"Kaka, huyu tukamzike. Usimbembeleze."

Ningehamishia kila kitu kwenye mashine nyingine, lakini programu ile ya kumsemea imefungiwa kwenye aina ileile ya ubao mkuu wa ndani, ule unaobeba prosesa, na walioitengeneza walishafunga ofisi.

Basi nikanunua prosesa mpya. Jina lilelile, miguu idadi ileile, ikakaa kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Nikamwita Mama aje aone. Skrini ikabaki giza.

Nilipomrudia, Rado alicheka mpaka nikatamani kumpiga. "Kuingia imeingia, lakini ubao haumjui mgeni huyu! Ulitengenezwa kabla hajazaliwa. Lazima uuwekee programu mpya kwanza."

"Naiwekaje?"

"Kwa prosesa ya zamani, iliyo hai."

"Si ndiyo hiyo iliyokufa, Rado!"

Akaacha kucheka. Akafungua mashine ya dukani kwake, akachomoa prosesa yake kuukuu, ya kuniazima siku moja tu kwa kuwa ndiyo inayoendesha duka, na Jumatano mchana akaja nayo nyumbani. Skrini ikawaka! Machozi yakamtoka Baba. Rado akaanza kuingiza programu ya ubao. Ilipofika nusu, umeme ukakatika mtaa mzima.

Uliporudi, ubao haukuamka tena, kwa prosesa yoyote. Rado akaketi sakafuni. "Nisamehe, mzee wangu. Ningekuja na betri." Baba akabonyeza kitufe mara mbili. Sijui alimjibu nini.

Sasa tunamsomea herufi, akitaka moja anapepesa macho. Anachoka upesi. Na kidole nacho kinalegea. Daktari amesema tuhesabu wiki, si miezi.

Nilikuwa nimekuandikia aina ya ubao na prosesa zinazopatana, ununue huko utume. Karatasi ile nimeichana. Mashine ilipozimika, Baba alikuwa akikutungia maneno wewe. Nilikuficha, nisamehe. Kwenye skrini yalikuwa matatu: "Voahirana, sikuwahi kukuambia". Hapo hapo giza.

Usitume kitu, dada. Njoo. Keti karibu naye umtajie herufi wewe mwenyewe. Kwako atajikaza.

Mama anakusalimu, na shangazi Ravao, na Rado ambaye hamfahamiani. Mungu akufungulie njia, akufikishe hapa Baba akiwa bado anaweza kupepesa macho.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Njaka