Ashraf, Sumaku Haikukugusa

Mwaka umetimia sasa, Ashraf, tangu ututoke, na mwaka mzima neno la watu linamwandama mama yako: eti sumaku ya hospitali ya kupigia picha za ndani ya mwili ndiyo iliyokunyonya damu. Kalisikia sokoni Wesha alipofuata samaki, kalisikia harusini Tibirinzi. Hata akisali linamjia.

Kazi yako ya kuunda vifaa vya sumaku hiyo hakuielewa mpaka ulipokuja likizo, ukakaa naye mkekani akishona kofia. Ukamtazama anavyozungusha uzi kwenye kitobo, ukatoa waya wa shaba mwembamba kama unywele, ukauzungusha vile vile, ukawa kizingo. Ukamweleza kwamba kizingo hicho hupitishwa ndani ya mshipa wa damu, mgonjwa akiwa kwenye sumaku, ili ukuta wa mshipa uonekane vizuri na palipochakaa pajulikane mapema.

"Kofia ya sisimizi hiyo, mwanangu," akakucheka.

"Basi nifundishe, Mama. Sisimizi wengi hawana kofia."

Kila ukipiga simu uliuliza Bibi kala nini. La kwako hukulisema. Kifua kilipokuuma mpaka mgongoni, ulijipaka mafuta ya karafuu, ukasema gesi, ukarudi kwenye waya zako. Mshipa mkuu wa damu ukakupasukia kifuani, ukatutoka. Vizingo vyako ulivijaribu kwenye mipira ya maji tu. Mwenyewe hukulala ndani ya sumaku hata siku moja. Laiti ungelala.

Sasa mdogo wako Ruweida kifua kinamuuma vile vile. Daktari kasema ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo, naye apimwe kwa sumaku. Kagoma: "Iliyommaliza kaka hainipati mimi." Tulipombembeleza kakubali, kumbe kiunoni, chini ya baibui, kajifunga hirizi yake ya bati ya utotoni, imlinde. Mama yako kaigusa alipomkumbatia, akakumbuka ulivyosema: chuma chumbani mle huruka kama risasi. Akamweleza Ruweida hayo.

Ruweida kaivua. Jumatatu anavuka bahari kwenda kupimwa, na mama yako hajui ataletewa habari gani.

Hitima yako ni Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani Tibirinzi. Tunaokukumbuka: mama yako Zulekha, baba yako Mzee Nassor, bibi yako Bi Khairiya, Ruweida, na jamaa wote wa Ole. Hutoki moyoni mwetu daima.

Nanyi mnaosoma, epukeni haya:

Kuingia kwenye sumaku na hirizi ya bati, pini za mtandio, bangili au wanja wenye chembe za chuma.
Kumficha daktari chuma kilichomo mwilini.
Kueneza maneno ya sokoni.
Kupaka mafuta kifua kinachouma mpaka mgongoni, mkasema gesi.