Asali Kwenye Mdomo wa Chungu

Jumatatu, 4 Julai 1955

Nimekamua. Nimefungulia mbuzi. Nimekaa juani. Niandike jambo kubwa: mimi ndiye wa kwanza katika Unyaturu wote kuonekana kwenye sinema.

Uongo. Wa kwanza ni beberu wangu. Yeye alitoka mlangoni kichwa juu. Mimi nilifuata nimeinama, na kilichoonekana zaidi ni matako.

Ilikuwa juzi, uwanja wa baraza. Gari la sinema la serikali, shuka nyeupe imetundikwa, kijiji kizima chini. Picha zenyewe walizipiga kwangu miezi iliyopita. Karani wa gari, mtu wa Tanga, mpole, alisema ni sinema ya wakulima. Jumbe ndiye aliyewaleta. Wakapaka asali kwenye mdomo wa chungu cha mke wangu. Asali ya Jumbe mwenyewe, kaja nayo kwenye kibuyu. Nikafurahi. Kwetu asali huwekewa wazee waliotangulia. Nikasema, wageni hawa wamefundwa wakafundika.

Kumbe wanaita nzi.

Kwenye shuka nzi walikuwa wakubwa kama kunguru. Sinema haina sauti, kwa hiyo Jumbe alishika kipaza sauti akaeleza kwa Kinyaturu. "Hii ni nyumba ya mchafu. Mnaijua. Msinywe maji yake." Kisha ikaja nyumba yake. Choo kipya, mlango wa bati. Watu wakapiga makofi.

Mama Ntandu, mke wangu, aliondoka kabla haijaisha.

Jumatano, 6 Julai

Nusu ya vyungu vya kijiji hiki vimetoka mikononi mwa Mama Ntandu. Leo kaivisha pombe ya mtama. Hakuna aliyekuja. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuipita pombe hata siku ya msiba, alipita. Kasema ana tumbo.

Nyumba hii wameiona miaka yote. Mbuzi wanalala ndani kwa sababu ya fisi. Zao nazo hivyo hivyo. Shuka imewaonyesha mara moja tu, wakakunja pua. Siku hizi mtu haamini jicho lake mpaka serikali imwashie taa.

Nitamlipa Jumbe. Sijui vipi. Nimeapa kwa kaburi la baba.

Alhamisi, 7 Julai

Watoto wanacheza sinema. Mmoja ni mimi, anajikuna. Anajikuna vizuri kunishinda.

Mimi nikitukanwa nacheka. Mama Ntandu hacheki. Anakwenda kisimani alfajiri, wenzake wakiwa wamelala.

Jumapili, 10 Julai

Gari linarudi Jumanne. Safari hii na Bwana Afya, mzungu wa mjini, anataka kuona kama tumeelewa. Baada ya hapo picha inakwenda Ilongero. Mama Ntandu aliposikia Ilongero aliweka udongo chini. Dada zake wote wameolewa huko.

Nimekwenda kwa Jumbe. Ni mdogo kwangu, lakini tangu apewe kofia anangoja nianze mimi kumwamkia. Nikamwamkia.

"Jumbe, mtu mzito kama wewe utasimama kama mpiga mbiu, na kiti cha pembeni ya mzungu kiko kitupu?"

"Nani atatangaza basi?"

"Mimi nipo. Darasa la tatu, misheni."

Kacheka mpaka kofia ikadondoka. "Vema, babu! Mchafu ajitangaze mwenyewe."

Kurudi nimepita nyuma ya choo chake. Nimechungulia kwenye ufa. Nimefika nyumbani naimba.

Jumanne, 12 Julai

Furaha.

Kabla ya kuanza karani alinipigia soga. Asema Ulaya sinema imeingia kwenye sanduku, watu wanakaa nalo nyumbani. Masikini. Kila nyumba na Jumbe wake.

Taa ikawaka. Nilipotokea nikasema: "Huyo ni mimi. Hayo ni matako yangu, msiniulize." Wakacheka. Kikaja chungu. Nikasema: "Asali hiyo ni ya Jumbe. Ilipakwa makusudi nzi waje. Chungu kafinyanga mke wangu, sawa na kile cha kwako, na cha kwako, na wewe unayejificha." Waliokunja pua wakainama.

Ikaja nyumba ya Jumbe. "Choo hiki ni kisafi mno. Hakijaingiwa na mtu tangu kijengwe. Humo wanalala kuku. Mwenyewe huenda vichakani asubuhi, mmemwona."

Wamemwona sana. Watu walilala chini kwa kicheko.

Bwana Afya hajui Kinyaturu. Alidhani tumelipenda somo. Akamwambia Jumbe kwa Kiswahili chake, kesho atakuja kukitazama choo hicho, na watu wote waje kujifunza.

"Ndiyo, Bwana," alisema Jumbe. Sauti ya mbuzi mgonjwa.

Jumatano, 13 Julai

Jumbe aliwahamisha kuku usiku. Usiku mmoja unatosha kuhamisha kuku. Hautoshi kuchimba shimo kwenye ardhi ya Julai.

Maana shimo halikuwapo. Hilo hata mimi sikulijua. Sinema ilitaka mlango tu.

Bwana Afya kafungua. Manyoya. Kuku mmoja kaachwa, kaatamia. Mzungu akapiga kiatu chini. Ko, ko. "Shimo liko wapi?" Jumbe akatazama sakafu kama vile shimo limetoroka.

Akaamriwa achimbe leo leo, yeye mwenyewe, mbele yetu. Nilileta kigoda. Nikakisogeza kufuata kivuli mpaka jioni. Sururu inaruka, haiingii.

"Babu, nisamehe."

"Chimba, mwanangu. Bado kiuno kinaonekana."

Tamu. Sijutii hata tone.

Alhamisi, 14 Julai

Binamu tumbo limepona. Kaja kunywa.

Wanawake wawili wamekuja kuagiza vyungu. Mama Ntandu hakutoka. Kasema ana kazi, na hakuwa nayo. Nimemsimulia habari ya shimo mara tatu. Katabasamu mara moja, kwa kunihurumia.

Kisha kasema, "Ilongero hutakuwapo kuwaeleza."

Nikatoka nje kuhesabu mbuzi.

Jumapili, 17 Julai

Upepo tangu asubuhi. Nimemwona Jumbe, viganja vimevimba, kavifunga kitambaa. Nilifurahi. Si kama Jumatano. Kidogo.

Mama Ntandu yuko ndani, hajagusa udongo tangu wiki iliyopita. Anapepeta mtama uliokwisha kupepetwa.

Gari linaondoka mjini kesho kwenda Ilongero. Mwuza ngozi anakwenda huko leo, nimempa barua. Naiandika tena hapa, nijue nilichoomba.

"Karani, salamu. Nilikutangazia picha zako jioni nzima, koo likakauka, hukunipa hata maji. Sidai makubwa. Mimi niache humo, nimezoea. Ila mkifika Ilongero, kile chungu kikitokea, weka kiganja chako mbele ya taa mpaka kipite."