Wimbo wa Kumi na Tano

Jumatatu, 6 Mei 1963
Solfeji, somo la kusoma noti, saa mbili; kwaya saa tisa. Kinanda cha misheni kina ugonjwa mpya: noti ya sol inalia hata ukiiacha. Nimeifunga kwa uzi. Wavulana wa sauti ya pili wanaimba kama watu wanaoshusha magunia bandarini. Nimewaambia hivyo. Wamefurahi, maana ndiyo kazi ya baba zao.

Daftari la Profesa wa Elisabethville: nyimbo kumi na nne. Anataka kumi na tano, za ziwani na za kambi ya reli, noti zote, maneno yote, na tafsiri ya Kifaransa juu yake. Liondoke na treni ya tarehe 18. Likimpendeza, nitakwenda Elisabethville kufundisha muziki chuo kikuu. Mtoto wa kambi ya reli ya Albertville! Naitaka kazi hii mpaka chakula hakishuki.

Uliobaki ni wimbo wa mapasa, ule wanaoimbiwa pacha wakizaliwa. Mama anaujua kuliko mtu yeyote. Nimemwomba. Amekataa.

Jumatano, 8 Mei
Bado anakataa. "Kama mapasa haiko, wimbo haiko," amesema, akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Nikamwambia pasa ndiye mimi, niko mbele yake. Amenitazama kama vile nimevaa shati kinyume.

"Weye njo Kabange. Kyungu alisafiri. Akirudia, nitaimba."

Alisafiri! Kyungu, pacha mwenzangu mkubwa, alipanda treni ya Kabalo mwaka wa 1960, kazini, kuchochea moto wa mashine. Vita vikakata reli. Hakuna aliyemwona tena. Mimi najua amekufa. Mama hatamki neno hilo, na desturi iko upande wake: pasa hafi, husafiri, na haliliwi. Miaka mitatu sijaona chozi lake hata moja. Inaniudhi. Nimeandika, imetoka.

Ijumaa, 10 Mei
Mvua juu ya ziwa tangu asubuhi. Hakuna mwanafunzi aliyekuja. Nimekaa na gitaa.

Baba alilinunua Kigoma, siku za mishahara mizuri. Gitaa moja, watoto wawili. Tungegombana mpaka livunjike, kwa hiyo tulikaa bega kwa bega kwenye ngazi ya nyumba: Kyungu anabana nyuzi kwa mkono wake wa kushoto, mimi napiga kwa wangu wa kulia. Miaka kumi tulipiga hivyo. Kambi nzima ilikuja kututazama, hata msimamizi wa stesheni na mke wake. Kyungu alipokwenda niligundua kwamba mkono wangu wa kushoto haujui kitu. Nikajifunza upya nikiwa mtu mzima, mwalimu wa watu. Namkumbuka sana kwenye fa, pale kidole kimoja kinapotakiwa kubana nyuzi zote.

Jioni: binti wa Mama Feza, jirani, amejifungua. Mapasa! Ngoma ni Jumapili na Mama ndiye atakayeongoza. Mungu anisamehe, nilifikiria daftari kabla ya watoto.

Jumapili, 12 Mei
Nimeharibu.

Wanawake walijipaka pemba, udongo mweupe, usoni mpaka shingoni, wakamtukana kila mpita njia. Ndiyo desturi. Ukitukanwa unarudisha tusi na unacheza. Anayenyamaza anawaletea watoto ugonjwa. Mimi, msomi, nilisimama kando ya ua na penseli kama karani wa forodha. Nikatukanwa toka kichwa mpaka kucha, sikujibu hata neno. Niliandika. Wimbo ulikuwa unatoka wote, mzima.

Mama Feza akanifuma. "Unaandika nini, weye? Unataka wajukuu wangu wakufe?" Akaniburuta katikati ya ngoma.

Ikafika pale ambapo kila mama wa mapasa huwaita wake, mkubwa kwanza. Aitwaye hujibu "Niko!" Bila jibu wimbo hauendi mbele, ngoma nazo hunyamaza. Mama akaita, "Kyungu!" Kimya. Akaita tena. Watu wote wakanitazama. Nikaona aibu yake, au yangu, sijui. Nikajibu mimi, kwa sauti nzito ya Kyungu: "Niko!"

Mama akaacha kuimba. Akaketi chini kwenye matope, akalia. Akalia kwa sauti, kwenye ngoma ya mapasa, mbele ya watoto wachanga. Wanawake wakapiga kelele, "Mapasa hailiwi, Mama! Nyamaza!" Wakamfunika kitenge, wakamtoa. Ngoma ikavunjika.

Jumatatu, 13 Mei
Mama hasemi nami. Kimama changu kidogo, uso ukutani.

Nimemnunulia Mama Feza kuku wawili weupe, nikamtukana vizuri mlangoni pake, nikacheza peke yangu barabarani saa sita mchana. Wanafunzi wangu walipita. Watoto wachanga wananyonya.

Jumatano, 15 Mei
Amekuja mwenyewe, akaketi karibu na meza. Hajui kusoma, noti wala herufi. "Nionyeshe mahali ya Kyungu." Nikaweka kidole kwenye kipimo cha tisa cha noti. Nilikuwa nimeandika "Niko".

"Futa."

Nikafuta.

"Nani alikutuma umujibie? Miye nilikuwa namungojea."

Nikauliza waimbaji wafanye nini hapo. "Wangoje," akasema, kama vile nimeuliza maji yanachemshwaje. Nimeweka alama ya kimya, bila urefu. Kisha nimemwomba msamaha kwa magoti. Amenipiga kofi dogo begani, akaenda jikoni.

Matusi sikuyatafsiri. Nimeandika kwa Kifaransa: maneno ya furaha. Sitamfanya Profesa ajue mama yangu alisema nini juu ya makalio ya watu.

Alhamisi, 13 Juni
Barua ya Profesa. Anasifu daftari, hasa wimbo wa mwisho. Lakini kipimo cha tisa, anasema, bila shaka ni kosa la kunakili: jibu la kwaya limesahaulika. Nilijaze nilirudishe upesi, kamati ya chuo haitapokea kazi yenye makosa.

Neno moja tu. Herufi nne. Nimezunguka meza asubuhi yote na kalamu mkononi. Nimeogopa kweli. Mwisho nimejibu: si kosa, katika wimbo huu watu hungoja. Nimepeleka posta kabla sijabadilisha mawazo. Mama sijamwambia.

Jumatatu, 4 Novemba. Elisabethville
Kamati ilipokea daftari, kimya kikiwa mahali pake. Darasa la kwanza. Wanafunzi kumi na mmoja, wote wamechana nywele. Mji huu hauna ziwa, pumzi inakauka mapema.

Nimewapa wimbo wa mapasa. Wamecheka kwenye matusi, wameimba vizuri. Nikaita mimi, "Kyungu!" Wakanyamaza, kama ilivyoandikwa. Baadaye kijana mmoja akauliza kwa upole, "Tungojee mpaka wapi, Mwalimu?"

Nikashusha mkono. Tulingoja mpaka kengele ya saa tano.